Bibi Anastazia Nyuma ya Difenda

Jumapili, jioni. Mvua imekatika kama saa tisa na sasa ziwa limetulia, rangi ya bati. Jirani yangu anaanika dagaa zake kwa mara ya tatu leo, na mara zote tatu amesonya. Mimi miguu inaniuma na nimeumwa na mbu mpaka kwenye kope. Ningelala, lakini nisipoandika leo, kesho nitaanza kujidanganya. Najijua.

Wanaonisoma siku zote wanaijua kazi yangu. Kwa mgeni: mimi ni askari polisi, koplo, niko dawati la jinsia na watoto kwenye kituo kimoja hapa Kigoma ambacho sitakitaja. Nyumbani kwetu ni Ujiji, na bado naishi kwa mama. Majina yote ya humu nimeyabadili, hata langu. Leo naitwa Mwajuma.

Nilifanya kosa, nikapongezwa. Ndiyo habari yenyewe.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne asubuhi, mwenyekiti wa kijiji kimoja cha upande wa Simbo alipiga simu kituoni kusema kamchape wameingia. Kwa asiyewajua, kamchape ni waganga wanaozunguka vijijini wakidai wanasafisha uchawi. Hawaji tu kama mvua, huitwa, na wanaowaita ni watu wa kijiji hichohicho. Wanaingia nyumba ya mtu, wanachimba chini ya kitanda, wanatoa pembe iliyofungwa shanga, halafu mwenye kitanda ndiye mwenye kazi ya kujieleza. Pembe huwa imeingia nao, ndani ya nguo zao. Karibu kila mtu anajua hivyo, na bado kila mtu hutoka mbio kwenda kuangalia.

Safari hii kitanda kilikuwa cha Bibi Anastazia. Ni mjane, miaka sabini na kitu, anaishi peke yake. Marehemu mume wake alimwachia shamba la michikichi, na mawese anakamua mwenyewe tangu mimi sijazaliwa. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka yote hiyo ya kuchemsha chikichi. Kwa watu wanaotafuta mchawi, macho hayo yanatosha kuwa ushahidi, na shamba linatosha kuwa sababu.

Tulifika watano na difenda, gari letu la doria. Uwanja wake ulikuwa umejaa watu mpaka juu ya kichuguu. Kamchape walipotuona wakatokomea kwenye mihogo. Tuliwakimbiza, tukarudi na matope tu. Sajenti Kassimu, aliyekuwa kiongozi wetu, akafoka mara mbili na watu wakaanza kutawanyika. Bibi alikuwa amekalishwa chini katikati ya uwanja, amechanjwa chale mbili kwenye paji la uso, damu inamchuruzika hadi kwenye nyusi. Mkononi alikuwa ameshika rozari, na alikuwa hasali, ameishika tu.

Nilimwinua. Nikamwambia, "Bibi, panda, twende."

Maneno matatu.

Mbele ya gari alikaa dereva na Sajenti Kassimu, kwa sababu mbele ndiko anakokaa sajenti. Nyuma kwenye mabenchi tulikaa sisi wengine. Bibi nilimweka katikati ya makonstebo wawili wenye bunduki ili asiyumbe kwenye makorongo, nikajiona nimefanya jambo la busara. Tukapita kijiji kizima: mashine ya kusaga, maduka, ofisi ya kijiji, kigango cha Wakatoliki. Watu walisimama pande zote mbili za njia. Hakuna aliyepunga mkono, hakuna aliyesema pole. Bibi akavuta kitenge akajifunika uso wote. Nikadhani wao wanaona haya kwa walichomfanyia, na yeye analia kwa uchungu wa chale.

Mimi ni mtoto wa mjini. Kiha changu ni cha sokoni, cha kupunguziwa bei ya ndizi. Sikujua nilichokuwa nawaonyesha wale watu.

Zahanati wakamsafisha jeraha. Jioni nikamkabidhi kwa mdogo wake wa kiume, Mzee Filbert, anayekaa Mwandiga. Akasaini. Nikarudi kituoni nikaandika kwenye kitabu cha matukio: mhanga ameokolewa, amepatiwa matibabu, amekabidhiwa kwa ndugu, hali ni shwari. Mwandiko wangu ni mzuri, kituo kizima kinakiri. Kesho yake kwenye gwaride mkuu wa kituo alinitaja kwa jina, na mimi nikakaza shingo kama ilivyo desturi huku moyoni nacheka.

Nilikuwa nimemwahidi Mzee Filbert kwamba nitampigia simu baada ya siku mbili.

Sikupiga.

Kulikuwa na kesi ya mtoto aliyeunguzwa mikono. Kulikuwa na ugeni wa viongozi, tukasimama juani siku nzima. Kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Ningeweza kuendelea kupanga visingizio, lakini ukweli ni kwamba nilishaandika shwari, na mkono ukishaandika shwari kichwa nacho kinakubali. Neno hilo kwetu sisi ndilo funika kombe mwanaharamu apite. Tunaliandika kila siku.

Alhamisi ya wiki hii nilitumwa Mwandiga kuzungumza na wanafunzi wa shule ya msingi. Nilipomaliza nikaona nimsalimie Bibi kwa kuwa nipo karibu. Sitajipamba hapa. Sikwenda kwa ajili yake, nilipitia.

Nilimkuta barazani upande wa uani, amekaa kwenye mkeka, pembeni yake kifurushi kimefungwa kwa kitenge. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, na papo hapo akainuka akachukua kifurushi chake. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Si umekuja kunichukua," akasema. "Niko tayari tangu siku ile. Nilikuwa nangoja mnipeleke mahakamani."

Nilikaa chini kwenye mkeka na sare zangu. Nikamuuliza ni nani amemwambia atapelekwa mahakamani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Mlinichukua na bunduki, mwanangu. Walioniitia kamchape mliwaacha palepale. Mimi ndiye mliyenipandisha nyuma. Nikasema basi, hata serikali imeona ni mimi."

Nilirudi nyuma kichwani, nikaipitia siku ile hatua kwa hatua kama ninavyowafundisha askari wapya kuandika maelezo. Mimi nilimwambia panda, twende. Zahanati walimwambia kaa hapa, tulia. Mdogo wake aliambiwa saini. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba hana kosa. Zaidi ya wiki mbili mama wa watu amejiona mahabusu kwenye baraza ya mdogo wake, anakula nusu sahani, anahesabu rozari, anatafuta kichwani alichokosa.

Niliona aibu. Si ile ya kusema tu. Masikio yalipata moto.

Mzee Filbert alinivuta pembeni, kwenye kivuli cha tangi la maji. Ni mtu mpole, fundi cherehani, na alikuwa na tepu yake shingoni. Aliniambia kwamba kule kijijini habari imekwisha kukaa: Anastazia alikamatwa.

"Asiye na kosa hapandi nyuma ya difenda, Afande. Kwetu ndivyo tunavyojua. Mbele anakaa kiongozi au mgonjwa. Nyuma anakaa mwizi. Kila mtu alimwona, na yeye mwenyewe alijifunika uso."

Jumuiya yao ya kanisa, inayosali nyumba kwa nyumba kila wiki, imeiruka nyumba yake. Mikungu ya chikichi shambani kwake inakatwa na jirani mmoja anayeitwa Yoramu, na wengi wananong'ona kwamba huyohuyo ndiye aliyewaita kamchape. Na sasa maneno yamefika Mwandiga. Wiki iliyopita mjukuu wa Mzee Filbert aliugua homa. Ilikuwa malaria, vipimo vipo, na mtoto amepona, anakimbia uani. Hata hivyo mke wa Mzee Filbert ameanza kumtengea Bibi kikombe chake peke yake. Majirani nao wanauliza mgeni anaondoka lini.

"Sina ubaya na dada yangu," akaniambia. "Amenilea yule. Lakini mpaka Jumapili, Afande, umtafutie pengine. Siku wakija hapa, mimi na tepu yangu hii nitafanya nini?"

Nilisimama pale nikaona jambo lote lilivyo. Kabla hatujafika, Bibi Anastazia alikuwa akishukiwa na vijana wachache na mwenye tamaa mmoja. Baada ya sisi kufika, kijiji kizima kina uhakika. Kwao hawezi kurudi, kwa mdogo wake hawezi kubaki, na kijiji chenye uhakika kinajulikana kinaweza kumfanya nini bibi wa namna ile. Nyumba huwaka. Aliyemfanya mchawi kamili ni mimi, kwa benchi la difenda.

Ijumaa nilikwenda kwa mkuu wa kituo kuomba ulinzi, na gari la kumrudisha Bibi kwake mbele ya kijiji kizima. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nina saini ya ndugu aliyempokea. Nikasema ninayo, Afande. Akasema basi, kazi yetu iliishia hapo.

Si mtu mbaya. Ana kata nne na gari moja. Aliniuliza, akimwekea ulinzi bibi mmoja, wale wa vijiji vingine awaambie nini. Nilimwambia tu kwamba tungekuwa hatukwenda kabisa, huenda leo angekuwa na maadui wachache zaidi. Akageukia dirishani akamtazama mlinzi wa geti kwa muda mrefu kuliko mlinzi yule anavyostahili kutazamwa. Halafu akasema Jumamosi gari litakuwa na nafasi kwa muda wa saa tatu, na mafuta ni ya kwenda na kurudi tu.

Ikabaki kwa Sajenti Kassimu. Nilimkuta anakunywa kahawa, nikamwambia kesho tunakwenda kumrudisha Bibi na kwamba yeye atakaa nyuma.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma kwenye benchi, Afande."

Ana miaka ishirini na kitu kazini na goti moja bovu. Aliniuliza kama nimepandishwa cheo usiku bila yeye kuarifiwa. Nikamweleza habari ya mbele na nyuma, ya kiongozi, mgonjwa na mwizi. Akaacha kahawa. Yeye ni mtu wa Tabora, naye hakuwa ameliwaza. Mwishowe akasema goti lake hilo nitalijibia kwa Mungu. Jumamosi alipanda nyuma kabla sijamkumbusha, akakunja uso njia nzima.

Ijumaa hiyo jioni, nikirudi nyumbani, nilipita sokoni kwa yule mama ninayenunua kwake ndizi. Nikamwomba anifundishe sentensi moja ya Kiha: huna kosa lolote, aliyekosea ni mimi. Alinisahihisha mara sita, na mara zote sita akacheka. Nikaiandika kiganjani kwa kalamu. Jumamosi, Mwandiga, nilipiga magoti mbele ya Bibi nikaisoma. Alicheka kidogo, nadhani kwa lafudhi yangu. Kisha akalia, muda mrefu, na mdogo wake akaingia ndani ili asimwone analia.

Akanijibu kwa Kiswahili. "Ungeniambia siku ile ningelala."

Alikaa mbele. Nilimwomba asijifunike, na hakujifunika. Dereva alipofika kwenye mashine ya kusaga akapunguza mwendo mpaka kuku wakatupita. Watu walitoka kuangalia kama siku ile. Nilimwona mama mmoja akimgusa mwenzake kwa kiwiko.

Mwenyekiti alikuwa amewaita watu ofisi ya kijiji. Nilisimama nikasema Bibi huyu hakukamatwa, hana kesi, hana shauri, jina lake halimo kwenye daftari lolote la watuhumiwa. Nikasema nilimpandisha nyuma kwa sababu sikufikiri, na aliyekosea ni mimi, na naomba radhi kwake na kwao. Sajenti Kassimu alikohoa. Askari hasemi nimekosea mbele ya raia, hilo hatukufundishwa chuoni. Lakini lilikwisha kutoka, na jua liliendelea kuwaka.

Akasimama mama mmoja wa makamo, mtoto mgongoni. Baadaye nilijua anaitwa Mama Zawadi, nyumba ya pili kutoka kwa Bibi.

"Tumesikia, Afande," akasema. "Sasa nataka kuuliza. Kama hana kosa, mbona mlimwondoa yeye? Waliowaita kamchape walibaki hapa, wanakula, wanalala. Anayeondoka kijijini ndiye mwenye kosa. Anayebaki ndiye mwenye haki. Sisi tulielewa mlivyotuonyesha."

Kila nilichoweza kusema kingekuwa kisingizio. Ndivyo tunavyofanya mahali pote: anayepigwa ndiye tunayemhamisha, kwa sababu ni mmoja, na hana nguvu, na anatii. Mpigaji tunamwacha nyumbani kwake. Nimefanya hivyo kwa wanawake wangapi? Nimewakabidhi kwa mama, kwa shangazi, kwa dada, nikachukua saini, nikaona nimeokoa.

Sajenti akasema atakayetoa ushahidi dhidi ya walioleta kamchape ajitokeze, faili litafunguliwa leo hii. Watu wakatazama kandambili zao. Yoramu mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, shati limepigwa pasi. Akaja akamshika Bibi mikono yote miwili, "Karibu nyumbani, mama," na kucha zake zilikuwa za rangi ya machungwa kwa chikichi za jana. Mimi niliziona. Bibi aliziona. Nadhani kijiji kizima kiliziona.

Nilimwandikia Yoramu wito wa kufika kituoni Jumatatu kutoa maelezo, nikampa mkononi mwenyewe. Kawaida yetu ni kumpa mlalamikaji karatasi aipeleke. Fikiria, mtu anayekutisha, halafu unapewa barua ya kumwita polisi ukamgongee hodi. Tunafanya hivyo kila wiki kwa sababu ya mafuta.

Tukampeleka Bibi kwake. Mlango haukuwepo. Si kwamba ulivunjwa, umeng'olewa na fremu yake, umebebwa. Ndani, shimo la kamchape lilikuwa bado wazi chini ya kitanda, lina maji ya mvua. Bibi aliingia, akatazama huku na huku, akachukua ufagio.

Dereva akapiga honi. Saa tatu zetu zilikuwa zimekwisha.

Sijui nielezeje kilichonipata pale. Watu walikuwa wamesimama mbali kidogo, kwenye migomba. Walikuwa wanangoja tuondoke. Hawakuwa na ubaya usoni, walikuwa wanangoja tu, na nikaelewa kwamba kila mahali tulikoitwa, tumeondoka kwenye dakika hiihii. Sisi hujiona kwamba tukifika ndipo kazi inafanyika. Kumbe anayeogopa, kwake kazi inaanza gari likishawashwa. Paka akiondoka panya hutawala, na paka sisi tuna ratiba.

Nikamwambia Sajenti Kassimu mimi nabaki.

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

Akavua tochi yake kiunoni akanipa, akasema mkuu akiuliza atamwambia gari lilijaa. Difenda ya kubeba watu kumi, ndani yumo yeye, dereva na konstebo mmoja. Sijawahi kumpenda sajenti yule kama siku hiyo.

Usiku sitausimulia, haukuwa na habari. Kabla ya giza mimi na Bibi tulilifukia lile shimo kwa jembe. Mama Zawadi alileta ugali wa muhogo na samaki wawili, migebuka, bila kuitwa, akakaa, hakuondoka. Nilimuuliza kwa nini. Akamnyonyesha mtoto kwanza.

"Siku ile nilikuwepo uwanjani, Afande," akasema. "Nilikuja kuangalia."

Kila mmoja wetu pale ndani alikuwa na lake.

Leo asubuhi tulikwenda kigangoni, Bibi katikati, mimi na Mama Zawadi pembeni. Mimi Mwajuma wa Ujiji, mtoto wa madrasa, nimekaa benchi la pili na sare zilizokunjamana, sijui lini watu wanasimama na lini wanapiga magoti. Bibi alikuwa ananifinya kila tukitakiwa kusimama. Ulipofika wakati wa kupeana amani, wanawake wawili walikuja kumpa mkono, mmoja akamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye", kama vile walionana jana. Wengine walipeana wao kwa wao, wakarudi kwenye vitabu vyao vya nyimbo. Wawili. Naandika kama ilivyokuwa, sitaki kujaza.

Fundi seremala amesema mlango utakuwa tayari Jumatano. Mpaka hapo Mama Zawadi atalala kwa Bibi. Namba yake ya simu ninayo. Nikapanda bodaboda saa sita, mvua ikanipiga kutoka Simbo mpaka mjini.

Mama alinikuta mlangoni nachuruzika maji, akaniuliza nimeshinda wapi. Nikamwambia kanisani. Akanitazama toka juu mpaka chini, akasema chai iko kwenye chupa.

Kesho mkuu wa kituo ataniuliza nililala wapi na kwa kibali cha nani. Nitamjibu. Nitamwomba pia nirudi kwenye yale majina yote niliyoyachukulia saini mwaka huu, niwapigie mmoja mmoja. Anaweza kukataa. Akikataa, simu ni yangu na muda wa maongezi nanunua mwenyewe.

Yoramu sijui kama atafika. Naogopa kwamba atafika, ataandika maelezo mazuri, atarudi nyumbani na shati lake lililopigwa pasi, na sisi tutaandika neno letu. Naogopa pia usiku wa leo, na wa kesho, na siku Mama Zawadi atakapochoka. Sina hakika na lolote kati ya hayo.

Saa kumi na mbili kasoro hii, kabla ya kukaa kuandika, nilipiga simu. Nilitegemea Mama Zawadi. Akapokea Bibi mwenyewe, akiipigia simu kelele kama mtu aliye ng'ambo ya ziwa, anauliza ni nani. Nikasema ni mimi, Bibi, Mwajuma, wa polisi.

Nilisikia mtoto analia kwa mbali, na sufuria inafunikwa.

"Nimefanya nini tena?" akauliza.

Nikamwambia hajafanya kitu. Nimepiga kumsalimu tu. Akasema haya, amekula, na mimi nikale.

Nitapiga kesho saa hizihizi, na keshokutwa, na siku ya tatu yake. Nitapiga mpaka siku atakapopokea asiniulize amefanya nini.